Aliyekikata Kitambaa Ni Mimi

Mwanangu Yustina,

Umeondoka asubuhi kwenda kijijini Mbingu kumuaga shangazi yako, nami nimefunga kibanda mapema. Wateja wawili wamepita, mmoja ana kiti cha pikipiki kimepasuka, nimewaambia warudi keshokutwa. Nimekaa mbele ya cherehani kwa sababu ndiyo meza ninayoizoea, nimesogeza mabaki ya vitambaa pembeni na kuanza kuandika. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Nakuomba uisome leo ukirudi, kabla hatujatoka kwenda stesheni kesho.

Habari za blanketi, chandarua na majani ya chai sitaziandika. Shangazi yako atakuwa amezimaliza, na kama amesahau moja atakupigia simu ukiwa njiani. Wewe ni muuguzi na mimi ni fundi wa viti vya magari, sina la kukufundisha kuhusu kutunza afya yako kwenye baridi ya Sumbawanga ulikopangiwa kazi. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu ukiwa darasa la tatu, na linakuhusu wewe kuliko unavyodhani. Linamhusu baba yako mdogo Desideri.

Najua ukiliona jina hilo unakunja uso. Una haki ya kukunja, kwa kadiri ya yale niliyokuambia. Soma kwanza.

Desideri hakuwa ndugu yangu wa damu. Tulikutana hapa mjini, mtaa wa Mlabani, kila mmoja ana mkasi wake na hakuna mwenye kibanda, tukakodi kimoja pamoja. Tulifanya kazi miaka kumi na miwili ndani ya chumba ambacho mtu akinyoosha mkono anagusa ukuta. Tulishona viti vya malori ya mpunga, makochi ya nyumba za walimu, viti vya trekta, hata mito ya kupigia magoti kanisani. Yeye alikuwa mtaratibu. Mimi nilikuwa mwepesi wa mikono, na mwepesi wa mdomo zaidi. Wewe ulimpenda kuliko ulivyonipenda mimi, sioni aibu kuliandika. Begi lako la kwanza la shule alilishona yeye kwa mabaki ya kiti cha basi, na ulilibeba mpaka kamba zikakatika.

Sasa gari. Mzee Kaloli, yule aliyekuwa fundi umeme kwenye mashamba ya sukari mpaka akastaafu, alikuwa na gari dogo la paa la kukunja. Alilinunua kwa mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Hapa mjini hapakuwa na jingine kama lile. Ukifungua vifungo viwili juu ya kioo cha mbele, paa zima linakunjwa nyuma kama mwavuli, na abiria wanabaki wazi. Lakini kitambaa kilikuwa kimeoza kwa jua, kinavuja kila kona, na kile kioo cha nyuma cha plastiki kilikuwa kimekuwa cha njano hata huoni ng'ombe akiwa nyuma yako.

Alikuja kibandani wiki chache kabla ya harusi ya binti yake wa mwisho. Ilikuwa baada ya Pasaka, masika bado hayajaisha.

"Nataka mwanangu aingie kanisani paa limefungwa, atoke paa limefunguliwa," akasema. "Mnaweza?"

Desideri alikuwa bado analizunguka gari, anainama kuangalia vile vyuma vinavyobeba kitambaa, vyuma ambavyo sisi tuliviita mbavu. Mimi nikajibu kabla hajainuka. Nilisema mapaa ya namna ile nimeyafanya sana nilipokuwa Morogoro.

Yustina, nilikuwa sijawahi kuligusa hata moja. Morogoro niliwahi kuliona gari la hivyo likipita barabarani, basi.

Kitambaa kiliagizwa Dar, kikaja kwenye basi kimeviringishwa kwenye bomba, kipande kimoja, hakuna cha akiba. Siku kilipofika nililichana paa la zamani kwa kisu, haraka haraka, nikalitupa kwenye takataka za nyuma ya kibanda. Desideri aliliokota. Alilikung'uta vumbi, akalikunja, akaliweka chini ya meza yake. Nilimcheka, nikamwambia anakusanya matambara. Sikujua kwamba paa la zamani ndilo kipimo pekee anachoachiwa fundi. Kiti ukikikosea unaongeza sponji, unaongeza mshono, mteja haoni. Paa la kukunja halina mahali pa kuficha. Linatakiwa libane likifungwa na lilegee likikunjwa, na vyote viwili vinatoka kwenye kipande kimoja cha kitambaa. Ukizidisha kidogo linapeperuka na kupiga kelele njiani. Ukipunguza kidogo halifungi kabisa.

Alhamisi ya wiki ya harusi, mchana, tulikuwa tumekitandaza kitambaa juu ya mbavu. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi.

"Kaka," Desideri akasema, "vifungo vya mbele bado viko wazi. Tufunge kwanza, tulikunje na kulikunjua mara mbili tatu, kitambaa kizoee njia yake. Ndipo tukate."

"Harusi ni keshokutwa."

"Ndiyo maana nasema."

Nilimwambia kwamba mimi nilianza kushika mkasi yeye akiwa bado anachunga mbuzi wa bibi yake. Halikuwa neno la kumwambia mtu mzima mwenye mji wake. Akashika upande wake wa kitambaa. Nikakata.

Tulipovuta chuma cha mbele kikae juu ya kioo, hakikufika. Vilibaki vidole vinne. Tukasukuma gari juani, tukisema joto litakilainisha kitambaa, na kweli kililainika, tukapata vidole viwili. Tukavuta tena kwa nguvu zetu zote. Kona ya kulia ikachanika mpaka kwenye mshono.

Nakumbuka mwanamke mmoja alikuwa anauza mihogo ya kukaanga ng'ambo ya barabara na alikuwa ameacha kugeuza mihogo yake anatutazama.

Mzee Kaloli alifika dakika chache baadaye. Alisimama, akaiangalia ile kona, akakiangalia kipande kilicholala chini. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Nani amekata?"

Nikasema, "Desideri."

Ni neno moja tu, mwanangu. Wala sikulipanga. Lilitoka kama mtu anavyopiga chafya. Nilikuwa naangalia tairi la gari nilipolisema. Nilisubiri Desideri akatae, na nadhani nilikuwa tayari kubishana naye. Hakukataa. Aliweka chini upande wake wa kitambaa polepole, akapangusa mikono, akaingia ndani kuchukua mkasi wake. Alipotoka alisema, "Kaka, mimi nakwenda." Cherehani yake ndogo aliiacha. Ni hiyohiyo iliyoko hapa kwenye kona, ile niliyokukataza kuigusa.

Mama yako nilimwambia jioni ileile, lakini nilimwambia kama nilivyomwambia Mzee Kaloli. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Halafu akasema, "Desideri hawezi kukata kabla ya kupima. Wewe ndiye uliyekata." Hakuuliza. Aliendelea kuchambua mchele wake.

Jumamosi gari lilikwenda kanisani bila paa. Mzee Kaloli aliamua hivyo. Wakati wa kutoka mvua ikanyesha. Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha duka, Mlabani, pamoja na watu wengine waliojikinga. Gari likapita taratibu, Mzee Kaloli kwenye usukani na suti yake imelowa, binti yake nyuma ameshika shela kwa mikono miwili, maji yanamtiririka usoni. Watu wa kibarazani walipiga makofi na vigelegele, walidhani ndivyo ilivyopangwa. Yule binti alikuwa anacheka, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka kweli. Mimi peke yangu katika watu wote wale nilijua kwa nini hana kitu cha kumfunika. Sijawahi kujisikia peke yangu kati ya watu kama siku ile.

Wiki mbili baadaye kitambaa kingine kilikuja. Mzee Kaloli aliliacha gari kwangu, jambo ambalo sikulielewa, kwa sababu nilitegemea atalipeleka Morogoro. Nikaanza peke yangu. Chini ya meza ya Desideri nikalikuta lile paa la zamani. Alikuwa amelifumua mshono kwa mshono, na kila kipande amekiandika kwa chaki: kulia, kushoto, nyuma, na mstari wa katikati umepigwa kutoka mbele mpaka nyuma. Sijui alilifanya saa ngapi. Bila lile ningeharibu kitambaa cha pili kama cha kwanza.

Na kuna jambo jingine nililijua wakati ule. Paa la namna ile halivutwi na mtu mmoja. Ukivuta kulia, kushoto kunapanda. Ukikimbilia kushoto, kulia kumelegea, na mstari wako wa katikati umehama. Nilizunguka lile gari siku tatu kama ng'ombe wa kupura. Siku ya nne mama yako alikuja na chakula, akanitazama kidogo, akavua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni, akashika upande wa pili.

"Nivute?"

"Vuta kidogo. Hapohapo. Shikilia."

Tukaenda hivyo, chuma kwa chuma, mimi nabana pini, yeye anashikilia. Tulipofika ubavu wa tatu akauliza, akiwa bado ameshikilia, "Utakwenda lini kumwomba msamaha?"

"Nikimaliza hili."

"Haya," akasema.

Tulimaliza. Tulifunga vifungo, tukakunja, tukakunjua, tukaacha gari usiku mzima nje ili baridi ya alfajiri ikijaribu kitambaa, na asubuhi vifungo vikafunga. Mama yako akamwaga ndoo tatu za maji juu yake na wewe ukiwa ndani ya gari kutuambia kama linavuja. Labda unakumbuka. Ulisema halivuji, ukataka ndoo ya nne.

Wala sikwenda kwa Desideri. Nilisikia amevuka mto na yuko Lupiro, anashona maturubai ya mpunga. Wakati ule daraja lilikuwa bado, mtu alivuka kwa kivuko pale Kivukoni, na nilikifanya kivuko kuwa sababu. Mto umejaa. Foleni ni ndefu. Nina kazi ya watu. Mama yako alikuwa akinikumbusha mara moja moja, bila hasira, halafu akaacha kunikumbusha, na kuacha kwake kulikuwa kubaya zaidi.

Miaka miwili ilipita. Mzee Kaloli akarudi na gari, kile kioo cha plastiki cha nyuma kimepata ufa. Tulikuwa wawili tu kibandani. Alilisifu paa. Alisema hajawahi kuingiwa na tone. Nikashindwa kuibeba ile sifa.

"Shikamoo yangu ya leo ina neno ndani yake, mzee," nikamwambia. "Kile kitambaa cha kwanza nilikikata mimi. Desideri alinizuia."

"Mbona Desideri alikuja nyumbani Ijumaa ile?" akasema. "Mimi nilikuwa nimeshaamua kuja kulichukua gari nimtafute fundi mwingine. Akanikuta nimekaa kibarazani. Akaniambia kosa ni lake, ameshaondoka kibandani, na fundi aliyebaki ni mzuri, nimwachie kazi."

Niliweka chini kile nilichokuwa nimeshika. Mzee Kaloli alikaa na mimi mpaka nikaweza kuendelea na kioo chake.

Kesho yake nilivuka. Unakumbuka siku niliyosema nakwenda Lupiro kutafuta sponji? Hakukuwa na sponji.

Nilimkuta chini ya kibanda cha makuti, anashona kiti cha pikipiki cha kijana wa Kisukuma aliyekuwa amesimama na fimbo yake anasubiri. Desideri aliniona, akamaliza mshono, akamkabidhi yule kijana kiti chake, ndipo akainuka.

"Karibu, kaka."

Alisema kaka, Yustina, kama zamani. Mkewe akaleta maji ya kunawa, tukala ugali na kambale. Nilimwambia yote niliyokuja nayo. Nikamuuliza kwa nini alikwenda kwa Mzee Kaloli.

"Ulikuwa umeshasema ni mimi," akanijibu. "Tungeanza kubishana mbele za watu, kibanda kingekufa. Una mke, una mtoto. Mimi nilikuwa naondoka tu."

"Ungesema ukweli."

"Ukweli ulikuwa wako." Alinywa maji. "Mimi kutajwa hakukuniuma sana, kaka. Mtu akibanwa husema lolote. Kilichoniuma ni kwamba ulisema huku unaangalia tairi."

Nilimwomba arudi. Akasema hapana, ameshazoea pale, watoto wake wanasoma pale. Hakusema kwa hasira. Ningependelea hasira. Aliponisindikiza barabarani akauliza, "Yustina hajambo? Siku ile nilimkosa."

Hapa ndipo penye lile linalokuhusu.

Jumamosi ile ya harusi, asubuhi, kabla hajavuka mto, Desideri alikuja nyumbani kukuaga. Alikuwa amesimama mlangoni na begi lake begani. Mama yako alikuwa ametangulia kanisani. Wewe ulikuwa uani unaosha vyombo, nilikuwa nakusikia ukiimba. Niliogopa atakwambia. Nikamwambia, "Hayupo, amekwenda mafundisho ya dini." Naye alikuwa anakusikia ukiimba, sina shaka. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Aliniangalia, akasema, "Basi mpe salamu zangu," akaondoka.

Salamu hizo sikukupa. Uliponiuliza baba mdogo yuko wapi, nilisema amepata kazi nzuri ng'ambo, ameondoka. Ukauliza, "Bila kuniaga?" Nikasema ndiyo, watu wengine ndivyo walivyo. Ulilia siku mbili, kisha ukalitupa lile begi la shule juu ya kabati. Nilikuona ukilitupa. Nikakununulia jingine.

Nilipotoka Lupiro nilikusudia kukwambia. Nikaona bado mdogo. Halafu ukaenda bweni. Halafu mama yako akaugua, na tukawa na mengine. Alipofariki, Desideri alikuja kabla ya ndugu zangu wengi. Alichimba kaburi pamoja na vijana. Alikaa siku tatu, analala kwenye mkeka pale barazani pamoja na wanaume wengine. Wewe ulipopita mbele yake ulimwamkia huku unaangalia pembeni, shikamoo ya nusu mdomo. Akaitikia marahaba, akainamisha kichwa. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Ningeweza kufungua mdomo siku ile kuliko siku nyingine zote, nami nikanyamaza tena. Mama yako ameingia ardhini akijua kwamba sijakwambia.

Tangu hapo nafanya kazi mwenyewe, unavyojua. Kitambaa kikubwa nakifunga kwenye nguzo upande mmoja na kuvuta upande mwingine, nguzo haina ubishi lakini haiwezi kulegeza kidogo ukiiomba. Redio inazungumza, mimi naijibu. Kesho nikirudi kutoka stesheni nyumba itakuwa na mtu mmoja, na sikuandikii hivyo ili ubaki. Ungebaki ningekuwa na kosa jingine la kubeba.

Naandika kwa sababu unakwenda kufanya kazi na watu, kwenye kazi ambayo kosa lake si vidole vinne vya kitambaa. Utakosea siku moja, hakuna asiyekosea. Mkubwa ataingia aulize ni nani. Pale huwa kuna kimya kifupi sana, nakijua. Sijui kukwambia ukitumieje. Najua tu mimi nilivyokitumia, na miaka iliyofuata ilivyokuwa.

Na naandika kwa sababu sitaki uende Sumbawanga ukiwa na kinyongo na mtu asiyestahili. Kinyongo hicho ni changu, nirudishie. Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Ukirudi kutoka Mbingu usiponisemesha nitaelewa, nitakuwekea chakula tu mezani.

Leo asubuhi ulipoondoka nilimpigia simu Desideri. Nilimwambia naandika, na ninachoandika. Akauliza, "Treni yake ni saa ngapi?"

Nikamtajia saa. Akasema haya, akakata simu.

Sijui kama atakuja. Siku hizi daraja lipo na pikipiki yake ni nzima. Akija utamtambua, amekuwa na mvi na anachechemea kidogo mguu wa kushoto. Nenda ukamwamkie. Mimi nitasimama pembeni na mizigo, mzungumze mpaka treni ifike.

Baba yako,
Gaudensi